Robo gramu ya masizi

Robo gramu. Ndo uzito wote. Ukipima gramu 500 za saruji alafu ukaambiwa weka nanotyubu za kaboni asilimia 0.05 ya uzito wa hiyo saruji, unatoka na kijivumbi cheusi ambacho kwenye karatasi ya kupimia kinafanana kabisa na masizi ya kwenye kioo cha taa, chepesi mpaka ukihema vibaya kinahama. Siku ya kwanza nilikiangalia nikacheka, nkasema hiki ndo kinaenda kuimarisha zege? Sasa hivi sicheki tena, manake hicho kijivumbi kimenila mwaka mzima, na leo nataka niandike kilivyonila kabla sijasahau.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nazo: chukua tabaka moja la atomu za kaboni, zile zinazopangana pembe sita pembe sita kama sega la nyuki, likunje mpaka liwe bomba, hapo una nanotyubu. Bomba moja peke yake lina unene wa nanomita 1 hivi, yaani mita moja ukiigawa mara bilioni. Ukipachika bomba ndani ya bomba ndani ya bomba unapata zile za kuta nyingi, nanomita 10, 20, hata 30, urefu maikromita (nanomita elfu) moja au mbili au zaidi, na hizi ndo natumia mimi kwa sababu zile za ukuta mmoja bei yake inatia machozi. Sifa ya kuzigundua huwa anapewa Sumio Iijima wa Japani kwa kazi yake ya mwaka 1991, ingawa Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walishachapisha picha za mirija ya namna hii mwaka 1952 na dunia ikapita tu kama haijaona kitu.

Nguvu yake sasa. Mwaka 2000 Min-Feng Yu na wenzake walishika nanotyubu moja moja za kuta nyingi ndani ya hadubini ya elektroni wakazivuta mpaka zikakatika, wakapata kati ya gigapaskali 11 na 63 (hicho ni kipimo cha nguvu kwa eneo). Nondo ya kawaida inaanza kulegea kwenye nusu gigapaskali. Hapo ndo watu wanapagawa, mtu anasoma hiyo namba anakimbia kuandika kwamba zege la kesho litakuwa gumu mara mia, na hamna kitu kama hicho. Kwenye majaribio yaleyale kilichokatika ni bomba la nje tu, yale ya ndani yalichomoka kama upanga unavyotoka kwenye ala yake, kwahiyo hata nguvu uliyonayo huitumii yote. Alafu kabla hujafika huko kwenye kuvuta na kuchomoka kuna swali la kijinga zaidi, je hiyo nanotyubu iko wapi ndani ya zege lako? Imekaa peke yake, au iko na ndugu zake laki moja kwenye donge?

Hilo swali ndo mada yote. Mengine ni mapambo.

Nilipiga hesabu ya haraka usiku mmoja usingizi umegoma. Robo gramu, chukulia unene wa nanomita 10 na densiti ya gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo, ukiunganisha nanotyubu zote kichwa kwa mkia unapata uzi wa takriban kilomita milioni 1.8. Mwezini ni kilomita 384,000 hivi. Yaani ni kwenda na kurudi mara mbili na chenji inabaki, uzi wote huo unatakiwa ulale ndani ya kibonge cha mota ninachokibeba kwa mkono mmoja, tena ulale umenyooka, usijisokote, usijifunge mafundo. Eneo la uso wake nalo si mchezo, nanotyubu nyingi za kuta nyingi zina mita za mraba 200 mpaka 300 kwa kila gramu, kwahiyo ile robo gramu yangu ina ngozi ya kama mita 60 za mraba, na ngozi yote hiyo inataka kulowana. Ndo maana ukiziweka tu bila kujipanga mota inakuwa nzito ghafla, fundi anakuangalia kama umemwibia maji.

Na hazitaki kulowana. Kaboni ya namna hii inakimbia maji, alafu zenyewe kwa zenyewe zinavutana kwa nguvu za van der Waals, nguvu ambazo kwa kila pointi ni ndogo sana ila bomba lenye urefu mara mia ya unene wake linagusana na mwenzake kwenye pointi nyingi kupita kiasi. Zinashikana kama nywele ambazo hazijaona chanuo miezi sita. Donge moja linaweza kuwa na maikromita kadhaa au makumi ya maikromita, yaani saizi ya punje ya saruji yenyewe, na donge la namna hiyo ndani ya zege halibebi mzigo wowote, ni shimo lililojazwa masizi. Ufa ukianza unalitafuta lenyewe kwanza.

Jaribio la kwanza nilifanya ujinga ambao nadhani kila mtu anaufanya, nikachanganya kavu. Saruji kwenye bakuli, nanotyubu juu, koroga, ongeza mchanga, maji, koroga tena, mimina kwenye fomu za milimita 40 kwa 40 kwa 160. Rangi ilitoka kijivu kizuri cha kuiva nikajua mambo yamenyooka. Siku ya 28, umri wa kawaida wa kupimia nguvu ya saruji, tukavunja, prizimu zenye nanotyubu zikawa chini ya zile ambazo hazina kitu. Sio kidogo. Mzee wetu wa maabara, huyu amevunja vipande vya zege kabla sijazaliwa, akachukua nusu kipande akakisogeza dirishani akanionyesha vidoa vyeusi kwenye sehemu iliyovunjika, unaviona kwa macho tu bila hadubini. Akasema, "Kijana, hii si saruji iliyoimarishwa, hii imepakwa wanja."

Nikahamia kwenye maji. Wazo ni kwamba unazitawanya kwanza ndani ya maji ya kuchanganyia, alafu hayo maji ndo unayapeleka kwenye saruji. Kuzitenganisha unatumia mawimbi ya ultrasoniki, yaani sauti ambayo sikio halisikii, na hapa nilipoteza mwezi mzima na ile beseni ndogo ya kuoshea vyombo vya maabara kwa mawimbi, unaweka chupa unaiacha saa mbili, ukirudi maji ni meusi unafurahi, ukienda kunywa chai ukirudi tena meusi yote yako chini ya chupa na juu maji meupe kama ya kunywa. Beseni inasambaza nguvu kila mahali, ile inayofika ndani ya chupa ni kidogo. Kinachofanya kazi ni probu, kile chuma cha titaniamu unachokichovya ndani ya maji yenyewe. Kinatetemeka mara kama 20,000 kwa sekunde, vinatengenezwa viputo vidogo ambavyo vinajifumba kwa kishindo, na pale kinapojifumba kiputo joto linafika maelfu ya nyuzi kwa muda mfupi mno na maji yanachomoka kama mshale. Huo mshale ndo unaochana mafundo.

Ila probu nayo ina adabu zake. Maji yanachemka usipoweka chupa kwenye barafu, kwahiyo unapiga kwa vipande, sekunde kadhaa inafanya kazi sekunde kadhaa inapumzika. Ukipiga kidogo mafundo yanabaki, ukipiga sana unazikatakata zinakuwa fupi, na fupi sana haina maana manake unahitaji urefu ili ishike pande mbili za ufa. Cha maana sio dakika ngapi bali nishati kiasi gani imeingia kwa kila mililita, hilo sikuambiwa na mtu na nilishaandika daftari zima la "dakika 30, dakika 45" ambalo leo halinisaidii kitu kwa sababu kila probu na kila ujazo wa chupa una mambo yake. Mwenye probu iliyochakaa ncha anapata namba zake. (Ncha inalika kweli, na vipande vya titaniamu vinaingia kwenye sampuli yako, ukiviona kwenye hadubini usianze kuandika umegundua kitu kipya.)

Jinsi ya kujua zimetawanyika: usiamini rangi. Meusi ni meusi tu. Unachukua tone, unalipunguza kwa maji mara nyingi, unalipitisha kwenye spektrofotomita ya mwanga wa urujuanimno, mashine inayopima mwanga ulionyonywa. Nanotyubu zikiwa kwenye mafundo karibu hazinyonyi huo mwanga, zikiachana zinanyonya, kwahiyo kadiri unavyopiga mawimbi namba inapanda inapanda alafu inafika mahali inalala. Ikilala, acha. Grafu hii moja imenisaidia kuliko mengine yote, na ningeianza mwezi wa kwanza leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Mawimbi peke yake hayatoshi lakini. Unazichana, ukizima mashine zinarudiana kama wapenzi waliogombana kwa simu. Lazima kuwe na kitu kinachokaa katikati, safaktanti, molekuli yenye upande mmoja unaopenda kaboni na upande mwingine unaopenda maji. Nilianza na SDS, ndugu wa zile kemikali za kwenye sabuni na shampuu, kwa sababu ilikuwepo kwenye kabati. Na kwenye maji ilikaa vizuri mno! Chupa ikasimama nyeusi wiki nzima bila kutua. Nikaenda kwenye mchanganyiko nikiwa natembea kifua mbele.

Povu. Wewe. Mashine ya kuchanganyia ilitoa povu kama mtu anafua mashuka humo ndani. Na povu kwenye mota ni hewa, na mafundi wa zege wana kipimo chao cha kichwani kwamba kila asilimia moja ya hewa inakula takriban asilimia 5 ya nguvu ya mgandamizo. Kuna dawa ya kuua povu, watu wanatumia tributili fosfeti, nikaiweka, povu likapungua, vipande bado vibovu. Hapo nikachanganyikiwa kweli.

Sababu niliipata baadaye na naona ndo sehemu tamu kuliko zote. Maji ndani ya saruji mbichi sio maji. Ni supu ya alkali yenye pH ya 12.5 mpaka 13 hivi, imejaa kalsiamu. Umewahi kuoga kwa sabuni kwenye maji chumvi ukaona sabuni inakatika inakuwa utando? Ni jambo lilelile. Kalsiamu inaishika SDS inaigandisha inatua nayo, safaktanti inakimbia kazi, nanotyubu zinabaki uchi katikati ya supu na zinarudiana. Kwahiyo ile chupa yangu iliyokaa wiki nzima ilikuwa inanidanganya kwa nia njema kabisa, ilikuwa inanijibu swali ambalo sikutakiwa kuuliza. Kutawanyika kwenye maji ni mtihani mmoja, kutawanyika kwenye saruji ni mwingine, na wengi tunafaulu wa kwanza tunaandika ripoti.

Tangu hapo nina jaribio langu la kishamba: nachukua maji ya chokaa iliyokolea, yale safi yaliyochujwa, namimina nanotyubu zangu zilizotawanywa humo, nakaa na saa. Zikishikana ndani ya dakika kumi basi hiyo njia naiacha, sihitaji kuharibu saruji na siku 28 za kusubiri. Linapunja mambo mengi lakini linachuja haraka.

Kwa jaribio hilo asidi nayo ilianguka, na ilinisikitisha. Njia ya asidi ni kuchemsha nanotyubu kwenye mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na ya naitriki, tatu kwa moja, unachubua uso wake zinaota vikundi vya kaboksili ambavyo vinapenda maji na vinaweza kushikana na bidhaa za saruji yenyewe. Nadharia nzuri. Tena Li na wenzake mwaka 2005 waliweka nusu asilimia ya nanotyubu za namna hii wakaripoti nguvu ya mgandamizo imepanda asilimia 19 na nguvu ya kuhimili kupinda asilimia 25, kwahiyo sio kwamba haifanyi kazi. Ila kalsiamu ina mikono miwili, inashika kaboksili ya huyu kwa mkono mmoja na ya jirani kwa mwingine, na ukiwa umechubua kupita kiasi umeshaharibu ukuta ambao ndo ulikuwa unaulipia. Mimi nilichubua kupita kiasi. Pia harufu ya ile kazi sitaki kuisikia tena.

Iliyonitoa ni kitu ambacho kilikuwa kwenye dumu pembeni ya mashine siku zote, supaplastisaiza ya polikaboksileti, ileile wanayoweka watu wa zege kila siku ili litiririke bila kuongeza maji. Molekuli yake iko kama chanuo, uti wa mgongo unang'ang'ania uso na meno marefu yananing'inia ndani ya maji. Hayo meno yanazuia nanotyubu mbili zisikaribiane kwa kukaa tu katikati, kama watu wawili waliovaa makoti manene kwenye lifti, na kwa kuwa yanazuia kwa unene sio kwa chaji kalsiamu haiyababaishi sana. Na saruji inaijua, haishtuki. Shida yake ni moja, punje za saruji nazo zinaitaka, kwahiyo ukiweka ya kutosha nanotyubu tu saruji inakuja inazivua makoti. Unaweka ya wote wawili, na ukizidisha saruji inachelewa kushika, kesho yake unafungua fomu kipande bado laini kama jibini.

Kuna kazi ya Konsta-Gdoutos, Metaxa na Shah ya mwaka 2010 inayotajwa sana kwenye haya mambo, wao walifika kwenye uwiano wa safaktanti mara nne ya uzito wa nanotyubu, na dozi za nanotyubu zilikuwa asilimia 0.048 na 0.08 tu. Angalia hizo dozi alafu angalia ile nusu asilimia ya 2005. Ni kama sehemu ya kumi mpaka ya sita, na bado kupinda kulipanda kwa kiwango cha kueleweka. Walipokuwa na ndefu walihitaji chache, walipokuwa na fupi walihitaji nyingi kidogo. Nilivyoisoma mara ya pili ndo nikaelewa kwamba mimi kila nilipofeli nilikuwa naongeza dozi, yaani naongeza mafundo. Msimamizi wangu alikuwa ameniambia hivyohivyo mwezi wa tatu, nikamwitikia "sawa Dokta" nikaenda kuongeza dozi.

Kuna mpaka mwingine ambao hakuna kemia itakayouondoa. Punje ya saruji ni maikromita 10, 20, zingine zaidi, ni jabali mbele ya nanotyubu. Mwanzoni nanotyubu haziwezi kuingia ndani ya punje, zinakaa kwenye uchochoro kati ya punje na punje, kwahiyo hata ukizitawanya kama malaika bado kuna mitaa mizima haina mtu. Saruji iliyosagwa laini zaidi inasaidia, uchochoro unasambaa vizuri. Mafusho ya silika nayo yanasaidia, vile vipunje vidogo mno vinajipenyeza katikati ya mafundo vinayaachanisha wakati wa kukoroga.

Zikikaa vizuri sasa zinafanya nini? Ufa kwenye saruji hauanzi ukiwa ufa unaouona, unaanza kama vijitundu vya nanomita vinavyoungana. Nyuzi za chuma zinasubiri ufa upanuke ndo ziamke. Nanotyubu ya maikromita moja na nusu inashika ufa ukiwa bado mtoto, chini ya maikromita, na ufa ukishakua kupita urefu wake basi kazi yake imeisha. Ndo maana faida unaiona zaidi kwenye kupinda kuliko kwenye kugandamiza, na ndo maana mtu anayeniuliza kama nanotyubu zitaondoa nondo namjibu hapana kabla hajamaliza sentensi. Pia bidhaa ya saruji, ile kalsiamu silikati haidreti tunayoiita C-S-H, inapenda kuanza kuota juu ya uso wake, ile ngozi ya mita 60 niliyoilalamikia juu huko inageuka kuwa shamba. Alafu zinapitisha umeme, ukibana kipande ukinzani wake unabadilika, kwahiyo zege lenyewe linaweza kukuambia limebebeshwa mzigo. Binafsi naona hapo ndo pesa yake itakapotoka, kwenye kuhisi, kuliko kwenye nguvu, ila usimwambie msimamizi wangu.

Jambo moja la afya manake nimeona picha za watu wanapima hivi vitu mikono mitupu. Vumbi hili ni jembamba na refu na mapafu hayapendi vitu vyembamba na virefu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, mwaka 2013 ilipendekeza kikomo cha maikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa zamu ya saa 8, na mwaka 2014 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliweka aina moja ya za kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, zingine ikasema ushahidi hautoshi kuziainisha. Pima ndani ya kabati ya kuvuta hewa, vaa barakoa ya maana sio ile ya kitambaa. Zikishalowana hatari ya kuruka inapungua sana, na hiyo nayo ni sababu nyingine ya kuachana na kuchanganya kavu.

Nilipofika: nanotyubu asilimia 0.05, polikaboksileti, probu kwenye barafu mpaka grafu ilale, jaribio la maji ya chokaa, alafu ndo saruji. Vipande vya siku 7 vimepita vile visivyo na kitu, kwa mara ya kwanza, na mzee wa maabara amechukua nusu kipande amekisogeza dirishani amekigeuza geuza akakirudisha mezani bila kusema neno. Bado kuna fomu sita zimelala kwenye maji, zinafika siku 28 Alhamisi ijayo, na safari hii sijagusa dozi.